Kulinda Wanyamapori Dhidi ya Ujangili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wakaazi wa Nairobi na majirani wa mbuga, kuanzia Lang'ata na Ongata Rongai hadi Kitengela na Athi River. Yanahusu kazi ya askari wa wanyamapori, sehemu ya jamii katika kazi hiyo, na hatua za kuchukua tatizo likitokea karibu nawe.

Naishi mjini, mbali na Tsavo. Ujangili unanihusu vipi?

Nairobi ndilo soko, ndicho kituo cha kusafirishia, na ndiko kesi nyingi husikizwa. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi na ni makao ya vifaru. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini uko wazi, na punda milia, nyumbu na pofu huvuka Mto Mbagathi kuingia nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti. Huko ndiko hukutana na mitego ya waya, na nyama yao hurudi mjini kwa bodaboda usiku.

Pembe na magamba ya kakakuona nazo hupita hapa zikielekea uwanja wa ndege wa JKIA au bandari ya Mombasa. Wala si wanyama wakubwa pekee wanaowindwa. Mei 2025 mahakama ya JKIA iliwatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja baada ya kupatikana na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliopakiwa ndani ya vichupa vya maabara.

Ni wanyama gani walio katika hatari kubwa zaidi Kenya?

Kifaru mweusi anajulikana zaidi. Mwaka 1970 walikuwa takriban 20,000 nchini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Leo wamepita 1,000, na ongezeko hilo limetokana na kumlinda kila mmoja wao usiku na mchana. Ndovu walishuka kutoka 167,000 mwaka 1973 hadi 16,000 mwaka 1989, na sensa ya 2021 ilihesabu 36,280. Kifaru mweupe wa kaskazini amebakiza majike wawili tu duniani kote, Najin na Fatu, katika hifadhi ya Ol Pejeta. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018.

Wengine husahaulika, na jambo hilo linatusikitisha. Bongo wa milimani, aina ya swala mkubwa wa msituni, hawafiki 100 porini, na wote wako katika misitu ya Kenya. Hirola, swala wa Garissa, hawazidi 500. Punda milia wa Grevy ni takriban 3,000 duniani, na walio wengi wako Kenya.

Hesabu hizi zina uzito kwa sababu wanyama hawa huzaa polepole. Kifaru mweusi hubeba mimba miezi 15 hadi 16, na ndovu miezi 22. Ukiua jike mmoja wa kifaru umeondoa pia ndama ambao angewazaa kwa miaka ishirini au zaidi.

Askari wa KWS na askari wa jamii wanatofautianaje?

Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni mtumishi wa serikali. Amepata mafunzo ya kijeshi katika chuo cha Manyani, ana silaha, na ana mamlaka ya kukamata. Askari wa jamii, ambaye wengi humwita skauti, huajiriwa na hifadhi ya jamii au shirika linaloisaidia. Kwa kawaida hana bunduki. Ana redio, kifaa cha GPS, viatu vizuri akibahatika, na anaijua ardhi kwa sababu amechunga mifugo juu yake tangu utotoni. Katika kaunti za kaskazini baadhi yao huwa pia askari wa akiba wa polisi, na hao hubeba silaha.

Skauti akikutana na majangili wenye bunduki, wajibu wake ni kujificha, kuangalia, kuhesabu watu na kuita KWS. Hifadhi inayowatuma vijana wasio na silaha kukabiliana na watu wenye bunduki inawaweka katika hatari ya kufa bila sababu.

Doria hufanywaje hasa?

Mara nyingi kikosi huwa na watu wanne hadi sita. Kabla ya kutoka, kiongozi huangalia ramani ya mwezi uliopita: mitego ilipatikana wapi, nyayo zilionekana wapi, maji yamebaki wapi. Njia ya leo haifuati njia ya jana. Jangili hukaa juu ya kilima siku mbili tatu akiwatazama askari. Akigundua kwamba hupita saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, ameshapata ratiba yake ya kazi.

Kila anachokiona askari huandikwa papo hapo: mahali kwa GPS, saa, aina ya alama, ni mpya au ya zamani, na hatua iliyochukuliwa. Hifadhi nyingi hutumia programu ya SMART kwenye simu, ambayo hugeuza taarifa hizo kuwa ramani. Programu hiyo haina faida ikiwa askari anajaza jioni kambini kwa kukumbuka. Kosa jingine ni kuandika matukio tu bila kuandika njia iliyotembewa. Mahali pasipo na mitego kwenye ramani huenda ni salama, au huenda hakuna aliyefika huko tangu Januari, na kiongozi hawezi kujua ni lipi.

Majira yanabadilisha kazi. Kiangazi, wanyama hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki, na wawindaji nao huja hapo. Mwezi mpevu ni wakati wa kukesha kwenye hifadhi za vifaru, kwa kuwa majangili huutumia kutembea bila tochi. Desemba mahitaji ya nyama hupanda, hivyo mitego huongezeka wiki kadhaa kabla ya Krismasi.

Vifaru hufuatiliwa mmoja mmoja. Masikio yao hukatwa alama za kutambulisha, na askari huandika nani ameonekana, wapi na akiwa na nani. Kifaru asipoonekana kwa siku zilizowekwa na hifadhi husika, msako huanza. Kazi hii inachosha mno, na ni mojawapo ya sababu Kenya ilimaliza mwaka 2020 bila kifaru hata mmoja kuuawa na majangili.

Kwa nini mnahangaika sana na mitego ya waya?

Kwa sababu ni rahisi kupatikana, haitoi mlio, na haichagui. Waya hutoka kwenye nyua za mashamba, kebo za breki za pikipiki, au matairi yaliyochomwa. Mtu mmoja anaweza kutega kadhaa asubuhi moja. Jangili hufunga tanzi kwenye shina la mti, akaliweka kwenye kinjia cha kwenda majini au kwenye mwanya wa ua. Wengine hupanga matawi ya miiba pande zote mbili ili mnyama asiwe na njia nyingine. Tanzi la digidigi huwa karibu na ardhi, la pofu huwa usawa wa kifua chake. Lakini anayenaswa huenda akawa twiga kwa mguu, simba kwa shingo au mtoto wa ndovu kwa mkonga. Mnyama anavyovuta ndivyo waya unavyokaza na kukata nyama. Asipofia hapo, hukata waya na kuondoka nao, kisha kidonda huoza kwa wiki nyingi.

Nikikuta mtego nifanye nini?

Kama umekaa tupu na wewe ni mpita njia, usiung'oe. Simama, tazama kama kuna mtu karibu, piga picha ukionyesha mti na mazingira, hifadhi mahali kwenye simu, halafu ondoka kwa njia uliyojia na upige simu KWS. Askari wanaweza kuamua kuvizia hapo hadi mwenyewe arudi kuukagua. Ukiuondoa, hatajulikana, na kesho atatega kwingine.

Skauti waliopewa kazi ya kuondoa mitego wana utaratibu wao. Wakipata mmoja hutafuta pande zote, maana mara nyingi hutegwa kwa mstari. Kila mmoja huandikwa, hupigwa picha na kuondolewa wote na fundo lake, kisha nyaya hubebwa hadi kituoni. Kosa la kawaida ni kukata tanzi na kuacha kipande kirefu kimefungwa mtini. Mwenye mtego akirudi hutengeneza jingine kwa dakika mbili.

Kama mnyama amenaswa akiwa hai, usijaribu kumfungua hata akiwa swala mdogo. Mshtuko na purukushani vinaweza kumuua, na pembe au kwato zake zinaweza kukuua wewe. Kaa mbali, zuia watu na mbwa, na subiri daktari wa wanyama.

Kwa nini tusiongeze askari tu, badala ya kuhangaika na wanavijiji?

Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za serikali, kwenye malisho na mashamba ya watu. Hakuna serikali inayoweza kuweka askari nyuma ya kila kichaka. Jirani ndiye anayeona gari geni limeegeshwa, ndiye anayejua nani ameanza kununua pikipiki mpya bila kazi inayojulikana. Kesi nyingi za maana huanza na simu ya mtu wa kawaida.

Jirani huyo hapigi simu kwa sababu ya mabango. Hupiga akiwa anapata kitu kutokana na wanyama na hasara zake zinatambuliwa. Juni 2012, simba walivamia zizi la mbuzi Kitengela, na wanakijiji wakawaua sita kwa mikuki. Hilo halikuwa tendo la majangili. Ni watu waliopoteza mali yao usiku mmoja na wasioona dalili ya kulipwa. Kwa spishi iliyo hatarini, simba aliyeuawa kwa hasira na aliyeuawa kwa biashara ni hasara ile ile.

Njia zinazofanya kazi zinajulikana. Mwaka 2000 ulianza mpango Kitengela wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge nyua wala kuuza vipande, na pesa zilitolewa karibu na wakati wa karo za shule. Katika Maasai Mara, hoteli hukodi ardhi ya familia nyingi zilizoungana, na kodi huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye shamba. Il Ngwesi, Laikipia, jamii yenyewe ilifungua nyumba ya wageni mwaka 1996. Karibu na Amboseli, vijana wa kimorani wameajiriwa kufuatilia simba na kuwaonya wachungaji. Mwaka 2019 kikosi cha askari wanawake kutoka jamii ya Olgulului kilianza kazi huko huko. Wanawake hao husikia mambo visimani na njiani kwenda kuni ambayo mwanamume mwenye sare hataambiwa kamwe.

Mipango hii huharibika pesa zinapopitia mikono ya viongozi wachache bila hesabu kusomwa mbele ya wanachama. Hapo kijana aliyenyimwa kazi ya skauti huwa mtu wa kwanza kutafutwa na jangili anayehitaji mwongozaji. Tunawaomba wanachama wa hifadhi waulize maswali ya fedha bila haya katika kila mkutano mkuu.

Nijengeje zizi ambalo simba hapenyi?

Elewa kwanza anavyowinda. Mara nyingi simba haruki ndani. Huzunguka hadi upande ambao upepo unapeleka harufu yake kwa ng'ombe. Ng'ombe wakishtuka, huvunja ua wa miiba na kutoka wenyewe, naye anawasubiri nje. Kwa hiyo zizi lihimili kusukumwa kutoka ndani.

Tumia wavu wa chuma wenye urefu wa mita mbili au zaidi, juu ya nguzo imara zilizosimikwa karibu karibu, mita mbili na nusu hadi tatu kati ya moja na nyingine. Fukia ukingo wa chini ardhini au upange mawe mazito, kwa sababu fisi huchimba. Mbuzi na kondoo wapewe sehemu yenye paa la wavu, maana chui hupanda. Mlango ndipo penye udhaifu. Bati la mapipa yaliyonyooshwa juu ya fremu ya chuma linafaa, nao ufunguke kwa ndani ili ng'ombe wakisukuma uzidi kujifunga.

Taa zinazomweka husaidia pia. Richard Turere, mvulana wa Kitengela, alizibuni akiwa bado shuleni, na zimeigwa sehemu nyingi. Ziweke kuzunguka zizi, zielekee nje, usawa wa macho ya simba, karibu mita moja kutoka ardhini. Ziwake kwa kupokezana, kama vile mtu anatembea na tochi. Hushindwa betri ikichakaa au paneli ya sola ikifunikwa na vumbi, basi ifute kila wiki. Zikiwaka namna moja mfululizo kwa miezi, simba huzizoea.

Mnyama ameua ng'ombe wangu au kumdhuru mtu. Nadai fidia vipi?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao hulipwa kwa thamani yake.

Toa ripoti kwa kituo cha KWS kilicho karibu siku hiyo hiyo. Usizike mzoga wala kufagia nyayo kabla afisa hajafika, kwa sababu lazima athibitishe ni mnyama gani. Piga picha. Jaza fomu ya madai. Kwa mtu, ambatisha ripoti ya daktari au cheti cha kifo pamoja na ripoti ya polisi. Kwa mifugo au mazao, pata tathmini ya afisa wa mifugo au wa kilimo. Faili huenda kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Baki na nakala ya kila karatasi, na uandike nambari ya dai.

Madai hukwama kwa sababu zinazojirudia: ripoti iliyochelewa, jina lisilolingana na kitambulisho, au karatasi ya daktari isiyo na muhuri. Sheria pia inaruhusu dai la mifugo au mazao kukataliwa kama mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kuyalinda. Hiyo ni sababu nyingine ya kujenga zizi vizuri. Hata dai lisilo na kasoro limeweza kusubiri miaka kwa kukosa bajeti, na ucheleweshaji huo unaharibu imani ya watu kuliko jambo lolote tunalolijua.

Nimeona mzoga umezungukwa na tumbusi waliokufa. Ni nini?

Karibu kila mara ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hunyunyizia mzoga dawa ya wadudu ili kumuua simba au fisi atakayerudi, na tumbusi huwa wa kwanza kufika. Majangili nao huweza kuwatilia sumu kwa makusudi, kwa kuwa tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali ndovu alipoangushwa. Usiguse chochote kwa mikono mitupu. Fukuza mbwa na mifugo, ita KWS mara moja, na mizoga yote iteketezwe baada ya sampuli kuchukuliwa. Ukiacha mmoja tu, vifo vitaendelea.

Nitajuaje nyama ya buchani si nyamapori?

Uliza muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye paja au ubavu kabla haijakatwa. Nyama isiyo na mfupa, iliyokatwa vipande vidogo tayari, ya rangi iliyokoza sana, isiyo na mafuta na ya bei ya chini kuliko bucha jirani zote, iache. Macho pekee hayathibitishi, na ndiyo maana KWS ilifungua maabara Nairobi mwaka 2015 ya kutambua spishi kwa vinasaba. Hata kipande kilichopikwa kinaweza kuwa ushahidi. Nyama hiyo haijakaguliwa, na huweza kubeba kimeta.

Nikiwa na taarifa, nimwambie nani, na nitakuwa salama?

Nambari ya bure ya KWS ni 0800 597 000. Eleza mahali, saa, idadi ya watu, gari au pikipiki na nambari yake, walikoelekea, na walichobeba. Sema pia ulichokiona kwa macho yako na ulichosikia kwa wengine, kila kimoja peke yake. Si lazima utaje jina. Usiwafuate, usijifanye mnunuzi, na usitume picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwa sababu mhusika au shemeji yake anaweza kuwa humo. Ukishuku kwamba afisa anashirikiana nao, peleka habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo hupokea ripoti bila jina kupitia mtandao wake.

Na ukitembelea mbuga, zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kumpiga kifaru picha, ili picha isiwaonyeshe majangili alipo.

Kwa nini watu hukamatwa na pembe halafu wanaachiliwa?

Mara nyingi kosa huwa kwenye ushahidi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali: ilipoanza kutumika Januari 2014 ilileta faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya spishi zilizo hatarini, na imerekebishwa tangu hapo. Lakini hakimu hufuata karatasi zilizo mbele yake. Pembe lazima ipigwe picha pale ilipokutwa, ipimwe uzito, iwekwe alama, na kila anayeipokea atie sahihi. Siku moja isiyo na sahihi inampa wakili wa utetezi nafasi. Picha za simu na video zinahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Mombasa, hukumu ya miaka 20 iliyotolewa 2016 kuhusu zaidi ya tani mbili za pembe za ndovu ilitenguliwa na Mahakama Kuu mwaka 2018 kwa kasoro za ushahidi. Miaka ya kazi ya askari ilipotea hivyo. Skauti afundishwe kuandika taarifa ya shahidi kama anavyofundishwa kufuata nyayo.

Kuchoma pembe kunasaidia nini?

Aprili 2016, katika Mbuga ya Nairobi, zilichomwa tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja za pembe za kifaru. Moto haumzuii jangili moja kwa moja. Unaondoa ghala ambalo lingelindwa kwa gharama kubwa na ambalo lingeweza kuibwa na kurudi sokoni.

Nataka kuwa askari wa wanyamapori. Nianzie wapi?

KWS hutangaza nafasi hadharani, na kuajiriwa hakulipiwi. Anayekuomba pesa ni tapeli. Jiandae kukimbia, kubeba mzigo na kupimwa afya. Kwa uskauti, uliza ofisi ya hifadhi ya jamii ya kwenu, ambako huchaguliwa watu wa eneo lenyewe. Kabla ya kutia sahihi uliza kuhusu bima ya maisha na matibabu, mshahara hulipwa tarehe gani, na nani atakuja kukuchukua ukijeruhiwa saa nane usiku. Hifadhi isiyo na jibu la swali hilo la mwisho bado haijawa tayari kuajiri.